Moyo Mzima Haupewi Kadi

Jumatatu, tarehe 4

Leo nimepimwa moyo. Ni mzima. Hasara tupu.

Nieleze vizuri, maana nikija kusoma baadaye nitajiona chizi. Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kimeegemea ukuta wa zahanati. Nyuma ya kibanda kuna chumba, ndani ya chumba kuna kitanda, juu ya kitanda niko mimi. Basi. Bibi yangu aliyenilea alikufa mwaka jana. Mjomba, mwenye kibanda, anapita kila Ijumaa kuuliza kama paa linavuja. Wengine wote wana neno moja tu kwangu: kimeisha? Wanamaanisha kiatu.

Sasa Nesi ameanzisha Kikundi cha Moyo. Nesi ni wa kwetu, mtu wa kilimani, alienda kusoma akarudi. Anasema wazee wetu wakiwa kule juu walichimba mizizi, walikula mboga chungu na asali, kutwa kupanda na kushuka, na mioyo yao ilidunda kama ngoma mpya. Tangu washushwe huku kwenye nyumba za bati kando ya lami, ni mkate mweupe, mafuta ya kukaangia na kukaa. Mioyo imechoka. Kwa hiyo asubuhi kikundi kinapanda kilima, kinachimba, kinarudi kupika sufuria moja nyuma ya zahanati. Wanakula pamoja. Wanacheka. Ukuta ni mwembamba. Nasikia hata wakigombania ukoko.

Ukiwa na presha unapewa kadi ya kijani. Nikasema hiyo ndiyo njia.

Nimeingia. Nimenyoosha mkono. Nesi amefunga kile kitambaa, kimebana, amesikiliza, amecheka. Akasema huu ni moyo wa ndama, niende zangu nikafanye kazi.

Nyuma yangu alikuwa Kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Tumbo lake linaingia mlangoni kabla yake. Hata hakujitahidi! Mashine ilipanda mpaka Nesi akaacha kutabasamu. Kadi papo hapo.

Wengine wana bahati tu.

Jumanne, tarehe 5

Mpango: chumvi.

Nesi mwenyewe anatangaza kila siku kwamba chumvi inapandisha presha. Anatoa siri bure na watu hawamsikilizi. Nimetia chumvi kwenye chai. Nimenyunyizia mkate. Mchana nimeilamba kiganjani kama mbuzi.

Kiu! Nimemaliza ndoo. Halafu tumbo likaanza. Nimefunga kibanda nikaenda chooni, nikarudi, nikafungua, nikafunga. Mteja mmoja ameuliza kama siku hizi nafungua kwa zamu.

Jioni nimejikokota kwa Nesi. Presha iko chini kuliko jana! Ameniuliza kama nimekula. Nimesema ndiyo. Ameniuliza nimekula na nani. Sioni hilo linahusu nini mashine. Nimesema nimekula na watu.

Jumatano, tarehe 6

Mpango: mbio.

Moyo ukienda mbio, mashine itajuaje unakimbilia nini? Nimezunguka zahanati mpaka nikaona nyota mchana. Mbwa wa mlinzi alinifuata mzunguko mmoja, akaona ni upuuzi, akalala. Nikaingia kwa Nesi natweta. Akasema nikae kwanza kwenye benchi nipumzike. Ndiyo utaratibu wao. Hakuna anayepimwa kabla ya kupumzika!

Kwenye benchi alikuwa Bibi Kilemba. Huyu ndiye anayeongoza kikundi kupanda kilima, na kile kilemba chake cha njano unakiona toka mbali kama taa. Nikajitahidi moyo ubaki juu. Nikawaza moto. Nikawaza nyoka. Nikamwaza Mjomba. Lakini Bibi Kilemba akaanza kuongea nami polepole. Akauliza mimi si yule mjukuu wa nyumba ya mwisho? Akasema yeye na bibi yangu walichimba mizizi pamoja wakiwa wasichana, na kwamba bibi yangu alikuwa mvivu wa jembe lakini kwenye kula hakuwa na mpinzani. Sikuwahi kujua. Bibi alikuwa ananituma mimi shambani huku akisema enzi zake alichimba kuliko wanaume.

Akanishika kiganja. Akatazama vidole vilivyokatwa na uzi, akasema, mikono ya kazi hii. Hakuna mtu aliyenishika mkono tangu mazishi. Wateja wanaweka kiatu mezani.

Moyo ukatulia kama maji ya mtungi. Mashine ikasema ndama.

Bibi wa watu kaniharibia kila kitu. Ningeketi na mtu mkali ningefaulu.

Alhamisi, tarehe 7

Kinyozi ameleta viatu. Amekaa kwenye kiti cha wateja, kadi iko mfukoni mwa shati, nusu nje ili ionekane. Hakuna aliyemuuliza kitu. Akasema kwenye sufuria anakaa ubavuni mwa Bibi Kilemba, anachaguliwa mizizi laini. Akasema tangu aanze analala usingizi wa mtoto. Akaniuliza mimi nakula wapi. Nikasema nyumbani. Akachungulia nyuma yangu, akakiona kitanda, na mkate juu ya kitanda.

"Pole, dogo," akasema. "Moyo kama wangu haupatikani ukubwani."

Akacheka mpaka kadi ikaanguka. Nikamwokotea.

Kisigino kimoja kilikuwa kimelegea. Kazi ndogo, gundi na misumari. Lakini nikakumbuka kwamba Nesi anawatisha: asiyepanda kilima anarudisha kadi. Kadi ikirudi mezani, si itamtafuta mtu mwingine? Nikachagua misumari mifupi. Gundi nimeipaka kama siagi ya mtu bahili. Sijawahi kuharibu kiatu kwa makusudi, hata cha Mjomba.

Ijumaa, tarehe 8

Maafa!

Kisigino kimeng'oka pale pale kilima kinapoanza. Nilikuwa nachungulia kwenye tundu la bati. Kinyozi akasimama kwa mguu mmoja kama korongo. Nikangoja ageuke arudi. Badala yake akavua vyote viwili, akavirusha kichakani, akaanza kupanda peku.

Bibi Kilemba akapiga kigelegele. Akasema ndivyo mama zetu walivyokuwa wanatembea, mguu unaijua njia kuliko soli. Akavua vyake. Mwingine akavua. Wakavua wote! Viatu vikabaki chini ya kilima vimepangwa, utadhani wenyewe wamepaa mbinguni. Waliporudi Nesi akamwambia Kinyozi kwamba amewakumbusha kitu kikubwa. Kuanzia leo kikundi kinatembea peku.

Mchana nimemtangazia mteja kwamba ndala zake ziko tayari. Akasema acha tu fundi, sina haraka nazo. Wa pili akasema hivyo hivyo. Wa tatu hakuja kabisa.

Mjomba amepita. Akauliza mbona meza tupu. Nikasema watu siku hizi wanajali moyo. Akasema kama hakuna kazi, kibanda kitafaa kufugia kuku. Akatazama paa, akaondoka.

Kinyozi alinipungia mkono toka ng'ambo. Peku. Shujaa.

Jumamosi, tarehe 9

Nimeshinda na sikio ukutani. Harufu ya mizizi inapita juu ya ukuta bila kubisha hodi. Nikamsikia Kinyozi akisimulia habari ya kisigino. Nikajua leo nimekwisha. Lakini hakunitukana. Alisema yule kijana hajawahi kushona vibaya, lazima kuna kitu kinamsumbua. Nikangoja aendelee. Peku haina kishindo, nilishtukia wako mlangoni.

Nesi na Bibi Kilemba. Bibi ameshika bakuli limefunikwa.

Nesi akauliza moja kwa moja, mara tatu nimepimwa wiki hii, siumwi, natafuta nini? Nikasema kadi. Akauliza kadi ya nini. Nikasema ya kupandia kilima.

Wakatazamana.

Nesi akasema kadi ni ya dawa na ya siku za kupimwa. Kilima hakina kadi. Sufuria haina kadi. Akauliza, na wale watoto wanaotangulia mbele kila asubuhi, nilidhani nao wana presha? Nikasema nilidhani wamerithi.

Nesi akaangalia pembeni, mabega yakimtikisika. Bibi Kilemba hakucheka. Aliweka bakuli mezani.

"Sisi tulidhani hututaki, mjukuu wangu," akasema. "Kila tukipita unainamia kiatu."

Akaniambia Jumatatu tupande wote. Nikasema nina kazi nyingi. Wote wawili wakatazama meza. Bakuli peke yake. Afadhali wangecheka.

Wameondoka, bakuli limebaki. Mizizi, mboga chungu, asali kidogo pembeni. Nimekula kitandani. Nilikuwa nimesahau kwamba ile mboga inachoma ulimi kwanza halafu ndiyo inakuwa tamu. Nimeosha bakuli, nimelikausha, nimeliosha tena. Likishakuwa safi kabisa itabidi nilirudishe.

Jumapili, tarehe 10

Zahanati imefungwa. Ukuta kimya. Siku ndefu hii.

Mpango: mazoezi. Kesho nisije nikaaibika mbele ya watu. Nimepanda kilima peke yangu, peku. Mawe yana meno! Nyayo zangu zimekaa ndani ya viatu tangu nizaliwe, ni laini kama za mtoto mchanga. Nusu ya njia nimetembea kwa kisigino, nusu kwa vidole. Moyo haukulalamika hata kidogo. Ndama mjinga.

Juu kuna kisiki kikubwa. Nikafanya mazoezi ya maamkizi. Nikakiambia shikamoo. Sauti ikatoka nyembamba. Nikarudia. Nikafanya mazoezi ya kucheka pia, kile kicheko cha katikati, si cha kujipendekeza wala cha kununa. Kigumu. Nikakiuliza kisiki hali ya nyumbani. Nilipofika kwenye habari za wajukuu tulikuwa tumezoeana vizuri.

Nimechimba mzizi mmoja kwa kisu cha kukatia soli. Umekatika katikati. Nimeula hapo hapo na udongo wake. Toka kule juu nyumba zote za bati zinaonekana, na moshi unatoka kila jiko. Nilitafuta kibanda changu. Ndicho hakina moshi.

Nimeshuka natabasamu hata hivyo. Niko tayari!

Jumatatu, tarehe 11

Nimeamka kabla ya jogoo. Nimevua viatu, nimekaa kwenye kiti changu cha kazi, miguu chini ya meza, peku, nangoja. Maamkizi yote yako mdomoni, yamepangwa.

Wakaja. Hawakupita, walisimama. Kilemba cha njano kikajaa mlangoni. Bibi Kilemba akasema fundi, haya, twende. Nyuma yake Kinyozi akasema nitoke bwana, habari ya kisigino ameshasamehe, na ile nafasi ya mizizi laini tutagombania huko huko. Nyuma ya Kinyozi watoto, nyuma ya watoto kina mama, wote wananitazama. Sikujua kikundi kina macho mengi namna ile. Kisiki hakikuwa nayo.

Miguu ilikuwa tayari, naapa. Ni mdomo. Ulifunguka wenyewe ukasema leo siwezi, nina kiatu cha haraka.

Nikakivuta kilichokuwa karibu, nikakiinamia, nikaanza kushona. Kilikuwa changu mwenyewe. Hakikuwa kimetoboka.

Walingoja kidogo. Bibi Kilemba alisema haya, mjukuu, kesho pia tunapita. Halafu wakaenda. Niliwasikiliza mpaka kwenye kona. Kiatu nimekishona mdomo mzima, mguu hauingii tena.

Mchana kutwa nimelipima jambo hili na sasa nimeona kosa liko wapi. Kosa ni kwenda bila kadi. Asiye na kadi ni mgeni, na mgeni lazima atazamwe. Mwenye kadi hatazamwi na mtu. Anaingia, anakaa, anasema nisogezee chumvi, anaambiwa hakuna chumvi, wanacheka wote, na yeye yumo. Bibi Kilemba ni mtu mwema lakini haya mambo ya ofisi hayajui.

Na leo Mungu kanitazama. Mama mmoja amekuja kuchukua ndala zake hatimaye, akasema kuanzia wiki ijayo Nesi anapima na sukari. Kadi zake ni za njano. Kikundi ni kile kile, kilima kile kile, sufuria ile ile!

Nimeenda dukani kabla hawajafunga. Mwenye duka ameuliza kama nina sherehe. Nimesema nina wageni. Chai nimeikoroga mpaka kijiko kimesimama chenyewe.

Naandika huku nakunywa. Peke yangu, ndiyo. Lakini safari hii nina mpango wa uhakika.