Maharage Yatarudi Kumi na Sita

Jumamosi, 6 Januari 1979

Mvua tangu alfajiri. Nyasi za paa zimeoza. Sufuria mbili ziko sakafuni kukinga matone, pamoja na ndoo ambayo mke wangu Jovina anaisogeza kwa kishindo ili nisikie. Nimesikia! Ng'ambo ya njia ni kwa Idefonsi, balozi wetu wa nyumba kumi. Kwake mvua inagonga mabati. Nalazimishwa kusikiliza utajiri wa mtu mwingine nikiwa nimelowa mgongo. Simpendi yule bwana.

Sisi nasi tunacho kibali cha mabati ishirini na manne, kina mhuri wa wilaya. Mwisho wake tarehe 31 mwezi huu, baada ya hapo ni karatasi ya kuwashia moto. Wapo waliongoja kibali kama hiki miaka miwili. Fedha pia tunayo, shilingi mia saba na ishirini, ya kutosha barabara kwa bei ya shilingi thelathini bati moja. Jovina anataka tukanunue Jumatatu. Nimemwuliza haraka ya nini, mwezi bado mchanga, na fedha iliyolala haizai. Amejibu kwamba ikiamka mikononi mwangu huwa hairudi. Maneno ya namna hiyo, mbele ya mvua inayotunyeshea ndani!

Jumatatu, 8 Januari

Ajabu! Nimelipata.

Mzee Havyarimana alitoka Burundi zamani, na tangu mwaka 1966 aliuza maharage hapa Nyamiaga hadi miguu ilipokataa. Kila siku ya gulio aliandika kwenye daftari tarehe na bei. Miaka kumi na mitatu! Nimempa kuku mmoja, akaniazima daftari. Watu wengine wangelifungia karanga.

Nimenunua daftari la miraba, nimechora grafu. Chini miaka, pembeni shilingi. Mwaka 1966 maharage ni shilingi kumi. Mwaka 1970, kumi na tatu. Mwaka 1973, kumi na sita! Halafu Jumamosi moja ya Agosti 1974 yanaporomoka hadi nne. Kwa wiki moja! (Mwaka huo sikuwapo. Nilikuwa Karagwe na biashara ya ngozi. Tusiizungumze.) Tangu hapo yamekuwa yakijikongoja kupanda: tano, sita, saba, na sasa tisa.

Maana yake ni wazi hata kwa mbuzi. Kitu kilichowahi kuwa kumi na sita kinajua njia ya kurudi kumi na sita. Na sasa kuna vita, askari wanakula, bei haina pa kwenda ila juu. Nikinunua kwa tisa na kuuza kwa kumi na sita kabla ya tarehe 31, napata mabati na baiskeli juu yake. Nimemwonyesha Jovina mstari. Ameutazama, akauliza kama mstari huo umewahi kulima. Nimeondoka mezani bila kumaliza ugali.

Jumamosi, 13 Januari

Nimenunua! Makopo themanini, magunia manne, kwa fedha yote.

Muuzaji ni Evarista, yule mama mwenye sauti ya tarumbeta. Nilimwamkia shikamoo kwa adabu zote, akaitika marahaba, akakataa kupunguza hata senti kumi. Roho ngumu! Wengine gulioni walikuwa na makopo mawili matatu tu, yeye peke yake ana magunia manne. Nilimwuliza ameyatoa wapi, akasema Mungu hutoa. Magunia yameshonwa kwa kamba za migomba, mishono mikubwa mikubwa kama anavyoshona mama mkwe wangu kule Bukiriro. Nikamwambia Evarista kwamba anauza dhahabu kwa bei ya majivu. Akanitazama kwa huruma, nami nikakasirika zaidi, maana sikuomba huruma, niliomba punguzo.

Jovina hakupiga kelele. Alisema tu kwamba amesikia, na kwamba mama yake anaumwa mgongo, kesho ataenda kumsalimia. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi mkubwa. Imebidi nigombane na ndoo.

Jumanne, 16 Januari

Magunia nimeyapanga chumbani, nimeyatandikia blanketi yawe kama kitanda. Serikali inawatafuta walanguzi, wanaoficha vyakula hadi vipande bei. Mimi si mlanguzi. Mimi ni mtu wa takwimu. Lakini Idefonsi hajui tofauti.

Leo kanisimamisha njiani. Eti kwa nini siku hizi napita shambani kwangu kama mgeni, nimekodolea daftari? Eti maharage ya mke wangu yamekomaa na kukauka, na ya kila mtu yamekauka, kuanzia hapa hadi mtoni, wiki hii watu wanang'oa. Nimemwambia sishughuliki na majani, nashughulika na historia. Amecheka hadi akashika mti. Nitamkumbuka nikiwa kwenye baiskeli.

Jumamosi, 20 Januari

SITA! Maharage kopo moja shilingi sita!

Gulio zima limefurika maharage mapya. Wanawake wamekaa mistari miwili hadi barabarani, kila mmoja na lundo lake, kama waliitana. Hawana hata aibu. Nimewauliza watatu kwa nini wasirudi nayo nyumbani wangoje. Mmoja ameniuliza wangoje nini. Nimemwambia kumi na sita. Wameangushana kwa kicheko.

Evarista hakuwapo. Nimetulia, nimerudi kwenye grafu. Mwaka 1971 pia bei iliyumba mwezi wa kwanza. Hii ni pumzi ya kupandia mlima. Siuzi.

Jumanne, 23 Januari

Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Idefonsi amekuja na orodha. Kila nyumba itoe kopo moja la maharage kwa ajili ya askari walio mpakani. Kopo moja! Mtu yeyote mwenye akili angetoa. Lakini alisema kwa ile sauti yake ya kibalozi, nami nikatamka kwamba katika nyumba hii hamna hata punje. Akasema pole sana, akaomba akae kidogo maana ametembea. Akaingia chumbani, akakaa kwenye kitanda.

Kitanda kikalia. Kila mtu anajua mlio wa gunia la maharage.

Alipapasa blanketi kwa upole, akauliza haya ni ya nani na yanasubiri nini. Nikaona mahakama. Nikaona jina langu limebandikwa kwenye ofisi ya kijiji. Mdomo wangu, bila kuniuliza, ukasema kwamba mawili ni mchango wangu kwa askari, nilitaka iwe siri. Na mawili mengine? Ya kuuza gulioni Jumamosi, nikasema, kwa bei ya siku hiyo. Akasema vizuri, atakuja kushuhudia.

Jioni wamenisoma mkutanoni, jina la kwanza kwenye orodha. Watu wamepiga makofi. Wamenisimamisha! Mzee mmoja mwenye mtoto vitani amelia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikaona haya kidogo, kisha nikakumbuka ni magunia mawili, nikakasirika upya. Jovina alipiga makofi kuliko wote.

Jumamosi, 27 Januari

Nne. Nimeuza kwa nne, Idefonsi amesimama pembeni kama shahidi wa ndoa. Shilingi mia moja na sitini. Zinatosha mabati matano. Mabati matano yanafunika kitanda, tena mtu awe amejikunja.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Havyarimana na daftari lake. Shikamoo yangu ilitoka kwa meno. Nikamwambia ameniuzia uongo kwa kuku mzima. Mzee akavaa miwani, akaweka kidole kwenye ile Agosti ya 1974, akacheka taratibu bila ubaya. Kumbe maharage hayakuanguka siku ile! Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini, hakuna aliyeweza kununua debe zima, basi gulio likaacha kupima kwa debe likaanza kupima kwa kopo. Makopo manne ni debe moja. Debe kwa shilingi kumi na sita, kopo kwa shilingi nne. Bei ile ile!

Nikamwuliza mbona hakuandika. Akaniita mwanangu kwa Kirundi chake, akasema, "Mwana wanje, nani asiyejua?" Aliandika kwa ajili ya macho yake mwenyewe, hakujua kwamba kuna siku atasomwa na mtu aliyekuwa Karagwe. Kisha akazidisha tisa mara nne kwa kidole hewani. Thelathini na sita kwa debe. Akasema tangu azaliwe hajawahi kuona maharage yamepanda hivyo, na kwamba siku niliyonunua mimi, yeye angeuza hata mbegu.

Nilinunua kwenye kilele. Kilele cha miaka kumi na mitatu. Nilikaa kwenye kigoda chake. Mzee alinipa uji. Uji ulikuwa mtamu, nao ukaniudhi.

Jumatano, 31 Januari

Siku ya mwisho ya kibali. Nimeamka nimwambie Jovina ukweli wote. Jovina hayupo. Kibali hakipo! Kanga zake mbili hazipo. Jirani kasema amepita na kaka zake wawili, haraka haraka.

Basi ameniacha, na kibali amekwenda kumwuzia mwenye fedha. Nimetukana nyumba nzima, kuanzia mlango. Kisha nikakaa. Shilingi mia na sitini ziko mfukoni, sijui nimpe nani. Mvua imeanza tena. Ndoo nimeisogeza mwenyewe, polepole, na hakuna aliyesikia.

Jumamosi, 3 Februari

Juu ya kichwa changu kuna mabati ishirini na manne! Yamekuja na trekta la kijiji, Jovina amekaa juu yake kama mkuu wa wilaya.

Magunia ya Evarista yalikuwa ya mama mkwe na ya Jovina, akiba ya msimu uliopita. Jovina aliona maharage mashambani yanakauka tayari kuvunwa, akajua bei itakufa, na akajua mtu mmoja tu Nyamiaga ambaye angenunua yote kwa tisa. Evarista kapewa kitenge. Fedha yangu imekwenda Bukiriro, ikapita dukani na kibali tarehe 31, ikarudi mabati. Mgongo wa mama mkwe haukuwahi kuuma! Nimepiga kelele nusu saa nzima. Kudanganywa na mke, na mama mkwe, na tarumbeta! Jovina amengoja nimalize, akanipa nyundo nimpelekee Idefonsi, aliyepanda juu kupigilia misumari bila malipo. Sasa mvua inanyesha, na ndani ni pakavu. Jovina amelala mchana, mara ya kwanza tangu nimwoe, anatabasamu usingizini.

Nami nimefikiri. Grafu haikukosea, kosa lilikuwa kipimo. Karani wa duka ameniachia ninakili bei za zamani za mabati. Mwaka 1972, kumi na moja. Mwaka 1975, kumi na tisa. Sasa thelathini, na yanakwisha. Mstari unapanda bila kuanguka hata mara moja! Safari hii nimeuliza kipimo mara tatu. Bati ni bati, hata lenye tundu la msumari.

Jumatatu Jovina anakwenda Bukiriro kumshukuru mama yake. Nimemwomba Idefonsi aniachie ngazi.