Fukusi Asiye na Ruhusa ya Kuwa Kitale

Wananchi wote wa Kitale na Bungoma walitangaziwa, kwa waraka wenye mihuri mitatu, kwamba fukusi mwekundu, mdudu anayekula mbegu za maharagwe, hayuko katika eneo hili. Kitabu cha wadudu kinamtambua kama mkazi wa Pwani, na mkazi wa Pwani hawezi kuhamia Kitale bila idara kupewa taarifa.

Mwandishi wa waraka huo alikuwa Bwana Mukhwana, Mkuu wa Kitengo cha Wadudu Waliosajiliwa. Alikuwa mtu makini. Aliwahi kukataa kumfukuza nzi ofisini kwake kwa sababu faili lake lilikuwa halijafunguliwa.

Jumatatu akaingia Rosaline Nyaruai, au Mama Ciru, mkulima, akiburura gunia la mbegu. Mvua ilikuwa imebakisha wiki moja, naye hakuwa na mbegu nyingine. Alipolifungua, wadudu wekundu walitoka kwa utaratibu zaidi kuliko foleni iliyokuwa nje.

"Afisa, si unaona hawa wananimaliza? Sasa nitapanda nini?"

Mukhwana akainama, akatazama. Kumwona mdudu huyo rasmi kungemlazimu kuandika ripoti ya kurasa sitini.

"Mama Ciru, hiyo ni vumbi."

"Vumbi inatembea?"

"Ni upepo, mama. Ofisi iko na madirisha."

"Ati upepo! Kwa hivyo mbegu yangu ni mzuri?"

"Daraja la kwanza kabisa."

"Andika basi."

Akaandika, akagonga muhuri kwa madaha. Rosaline akaisoma karatasi polepole, kisha akanyoosha kidole kwenye gunia jipya la mbegu nyuma ya kiti cha afisa, ambalo Mukhwana alikusudia kulipeleka shambani kwake Myanga.

"Na hiyo?"

"Hiyo pia ni daraja la kwanza."

"Basi tubadilishane, bana. Daraja kwa daraja."

Wakulima walikuwa wamejazana mlangoni, masikio wazi. Mukhwana akatafuta kifungu cha kumwokoa, lakini vifungu vyote alivitunga yeye mwenyewe. Aliona uchungu hasa. Akainuka, akamsaidia mama kutoa gunia jipya nje.

Jumamosi, kule Myanga, mkewe Wilkista alichota mbegu mkononi. Kila moja ilikuwa na tundu, na kila tundu lilikuwa na mwenyewe. Mukhwana akaanza kueleza habari za upepo.

Wilkista akamkabidhi jembe.

"Panda wewe, Baba Lorraine. Zikiota, uniite."