Sinia la Nyama na Tumbo Langu

Jumatano, 9 Aprili

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi kwa heshima zote: usimwambie mtu hata neno moja. Hasa Bi. Noske, mkuu wa masjala ninamofanya kazi hapa Adelaide. Jumatatu anaamua kama nithibitishwe kazini. Miezi sita ya majaribio! Na kesho familia inakwenda bonde la Barossa, kwenye mashamba ya mizabibu, kuonja mvinyo, siku mbili nzima, na likizo sina.

Nimepiga simu ofisini nikiwa nimejikunja, ili sauti itoke na maumivu yake. Tumbo, nikasema. Bi. Noske akanipa pole, akaniambia ninywe maji mengi. Nikaona aibu. Kidogo. Nimezima simu asije akanijulia hali.

Alhamisi, 10 Aprili

Shamba la kwanza la mizabibu. Kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua tabaka tatu: mgonjwa wa tumbo harudi kazini amebabuka. Mama akaniuliza kama nakwenda kurina asali.

Shemeji Angas, mume wa dada yangu Bronte, alizungusha glasi, akanusa, akatangaza kwamba anasikia ngozi ya tandiko na zambarau. Kisha akautema ndooni, kama wafanyavyo waonjaji mabingwa. Nikaona nami niseme kitu. Nikasema nasikia zabibu. Walivyocheka! Kwa hasira sikutema hata tone. Glasi sita.

Mlangoni, wazima moto wa kujitolea walikuwa wakiuza tiketi za bahati nasibu, inachezeshwa kesho adhuhuri. Zawadi: sinia la nyama. Mbavu za kondoo, soseji! Nani hulipita sinia la nyama? Baba angenikana. Tiketi ilitaka jina kamili na namba ya simu ya mchana. Yangu imezimwa, na kuandika namba isiyopokelewa ni uzembe. Nikaandika ya ofisini, nikaikagua mara mbili.

Ijumaa, 11 Aprili

Shamba la tatu. Jibini mdomoni, ndipo likanijia. Namba!

Nikamsihi Bronte anirudishe mbio kwa wazima moto. Akaniuliza naumwa nini. Tumbo, nikasema, na safari hii ilikuwa kweli.

Tulifika saa tisa. Mzee wa zimamoto akanikumbatia. “Umeshinda, bwana mdogo! Nimeshapiga. Kapokea mama mmoja mpole kweli. Akauliza, ni kijana yupi huyo? Nikamwambia, yule wa kofia, aliyemaliza glasi zote!”

Angas amecheka hadi machozi. Ameomba mbavu mbili.

Jumatatu, 14 Aprili

Bi. Noske hakupaza sauti. Heri angepaza. Aliuliza tumbo linaendeleaje, kisha akanisomea karatasi aliyoandika alipopigiwa na mzee wa zimamoto: mbavu kumi na mbili, soseji kilo mbili, kofia moja pana.

Hakunifukuza. Majaribio miezi mitatu mingine, na nyama yote ichomwe mchana uani kwa ajili ya ofisi, mchomaji mimi. Kila aliyekuja na mkate wake kuchukua soseji aliuliza kama tumbo langu linaustahimili moshi.

Nimejifunza. Wallahi nimejifunza! Mwezi ujao familia inakwenda kuonja mvinyo kwenye bonde la Clare, na safari hii nitaumwa mgongo. Mgongo hauhusiani kabisa na nyama.

Ukinihitaji siku hizo, nakuomba, usipige ofisini. Mpigie Bronte, iite mara mbili, kata, piga tena, uulizie mgongo wangu kwa sauti ya chini. Ila kama ni habari ya sinia la nyama, basi piga hata ofisini.