Kuhusu Meno ya Mijusi wa Kale na Ndugu Yangu Bashiri

Dodoma, kiangazi cha 1912

Kwa Bwana Mkubwa wa Boma,

Baada ya salamu na heshima nyingi, mimi Rajabu bin Mbaruku, mpishi wa Bwana Profesa aliyepiga kambi upande wa Haneti, naleta malalamiko yangu kwa adabu.

Bwana huyu anachimbua meno ya mijusi wa kale, wadogo kama mbwa, waliokula nyama hata wakageuka mawe. Jino refu analiita aina ya kwanza, lililopinda aina ya pili, lenye makali ya msumeno aina ya tatu. Shimo moja limekwisha kutoa aina kumi na moja. Mke wangu Stara aliuliza kama mjusi mmoja hawezi kuwa na meno ya namna nyingi, kama sisi. Akajibiwa, "Jino ndilo mnyama. Mengine ni maneno."

Tulinyamaza, kwa kuwa mijusi wenyewe hawakulalamika. Lakini shimo lilipokwisha, Bwana akaanza kutufunua vinywa sisi.

1. Ndugu yangu Bashiri, niliyenyonya naye ziwa moja, alilelewa kwa wajomba zetu Wagogo, wakamng'oa meno mawili ya chini kama ilivyo desturi yao. Bwana akamwandika kabila lingine, la kubeba mizigo. Mimi mwenye meno kamili nikaandikwa mstaarabu. Askari wamekwisha kumchukua.

2. Mama yetu anaulizwa kisimani amezaaje makabila mawili kwa mume mmoja. Haendi tena kuteka maji.

3. Bibi yetu hana jino hata moja. Bwana alimtazama sana, akasema kielimu hayupo. Nami kila siku nampikia uji, naye anaumaliza.

4. Mimi mwenyewe nina meno ya mbele, chonge na magego. Kwa elimu hii, mimi ni watu watatu. Basi naomba mmoja wetu achukuliwe upagazi badala ya Bashiri, na wawili tubaki jikoni, maana Bwana hapendi chakula kichelewe.

Wasalimie wote hapo Bomani, hata askari aliyemfunga Bashiri kamba.

Ni sisi, watumishi wako watiifu,
Rajabu bin Mbaruku

Nyongeza: Barua hii usihangaike nayo. Kabla sijapata wa kuileta, nilikwenda kwa fundi wa Kigogo, nikang'olewa meno mawili ya chini. Bwana Profesa alinitazama kinywani, akafurahi mno, akasema sasa elimu imethibitisha kwamba mimi na Bashiri ni ndugu. Sina tena malalamiko. Kesho namfuata msafarani, nikampokee mzigo.