Fremu Nyeusi za Gari la Marehemu Gaspard

Jumatatu, tarehe 10 Julai

Kikao cha harusi kwa shemeji Marie-Rose, hapa Nyamianda. Nimerudi nimeshiba soda na aibu. Alliance, binti wa marehemu kaka yangu Gaspard, anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo, kanisani Makobola. Swali lililobaki: bibi harusi atapanda gari gani? Nikasimama. Nikakohoa. Nilipofungua mdomo, Protais alikuwa ameshajibu.

Protais ni kaka yake Marie-Rose, mjomba wa bibi harusi. Gari lake ni jipya, bado linanuka duka. Langu ni la zamani. Lakini lilikuwa la Gaspard mwenyewe! Aliniachia mimi. Na kabla hajafa alimwahidi mtoto wake: siku ya ndoa utatoka nyumbani ndani ya gari hili. Nikawakumbusha. Hata Protais akaitikia kwa kichwa. Nikadhani nimeshinda.

Alliance akaniangalia kwa huruma. "Baba mudogo, minye naipenda ile gari ya papa. Lakini madirisha yake iko nabanduka kama muntu mwenye kuunguzwa na jua."

Ni kweli. Zile fremu nyeusi zinazozunguka vioo zimechakaa. Weusi wake unainuka magamba magamba. Ukipitisha kidole unaondoka nao. Protais akasema gauni jeupe na magamba meusi havijawahi kuoana. Watu wakacheka. Marie-Rose akakata shauri: nikizitengeneza kabla ya Jumatano ya wiki ijayo, Alliance atapanda langu. La sivyo, la Protais.

Muda wote huo wa nini? Mtu mwenye akili anamaliza kesho.

Jumanne, tarehe 11 Julai

Nimemaliza! Dawa nyeusi ya viatu! Sijui watu wanahangaikia nini. Nilipaka kwa soksi, nikasugua, fremu zikang'aa kama viatu vya padri siku ya Pasaka. Nikapita mbele ya geti la Protais. Nikageuza. Nikapita tena, polepole, kama mtu anayetafuta nyumba ya mgonjwa.

Jumatano, tarehe 12 Julai

Dawa ya viatu ina mafuta. Mafuta yanapenda vumbi. Na kiangazi hiki vumbi halina aibu. Tulipofika Kavimvira fremu zilikuwa na rangi ya unga wa muhogo. Si hayo tu. Mke wangu Josée alikuwa ameegemeza kiwiko dirishani njia nzima, na mkono wa kitenge chake kipya sasa ni mweusi. Hajanisemesha tangu huko. Nimewekewa bugali peke yake. Nilipouliza mboga iko wapi, alinionyesha kiwiko.

Ijumaa, tarehe 14 Julai

Mbinu mpya. Kama siwezi kulipandisha gari langu, nitalishusha la Protais. Nilimweleza Marie-Rose, kwa uso wa msiba, kwamba ile baridi ya mashine ndani ya magari mapya imeshawalaza mabibi harusi wengi kitandani. Kifua! Alishtuka. Akanishukuru sana. Akasema basi yeye mwenyewe ataketi pembeni ya binti yake na blanketi, na Protais ataiwasha kidogo tu.

Baadaye Protais akanipigia simu. Aliuliza kwa upole kama kifua changu mimi ni kizima. Najuta. Sijutii uongo wenyewe. Najuta kumwambia Marie-Rose, mwanamke ambaye hajawahi kukaa na neno hata mpaka wali uive.

Jumapili, tarehe 16 Julai

Baada ya misa Alliance amekuja kutusalimia. Kazi yake ni kupaka wanawake verni, rangi ya kucha. Akazizunguka fremu, akakwaruza kidogo kwa ukucha, akaniambia ni sawasawa na verni. "Ya zamani ikianza kubanduka, unaitoa yote, baba mudogo. Yote. Ukipaka juu yake, ya juu itaondoka na ya chini."

Nikamwambia gari si kucha. Akacheka. Cheko la Gaspard kabisa, lile la kurudisha kichwa nyuma. Kisha akaingia akaketi kiti cha nyuma, peke yake, akashika mlango kama vile safari imeanza. Nikajifanya natazama tairi. Nimeapa moyoni: nitafanya alivyosema, dirisha moja baada ya jingine, hata vidole vikatike.

Jumatatu, tarehe 17 Julai

Nimenunua bombi ya rangi nyeusi, ile ya kupuliza, na msasa. Nikaanza na dirisha la dereva, kwa kuwa ndipo ninapowekaga kiwiko changu. Nilikwangua asubuhi nzima. Nikafuta vumbi, nikapuliza, nikaacha ikauke, nikapuliza tena. Ajabu! Laini kama ngozi ya kambale! Nimebaki naitazama kama mtu aliyezaa.

Halafu nikatazama madirisha mengine. Halafu vidole vyangu. Vidole vilikataa.

Nikajiuliza: harusini nani anachungulia chini ya rangi? Watu wanatazama gauni. Nikafunika vioo kwa magazeti na skochi ya kubandikia, nikapuliza fremu zote zilizobaki, juu ya magamba yale yale. Kazi ya kufumba na kufumbua. Nilichosahau ni upepo wa ziwa, ambao mchana unaamka na hasira. Ulibeba magazeti. Kisha ukabeba rangi. Jirani yetu Félicité alikuwa ameanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, uani kwake. Upande mmoja weupe, upande mwingine weusi. Nikamwambia huenda moshi umepita. Bado nasikia sauti yake.

Jumatano, tarehe 19 Julai

Ushindi!! Ukoo mzima ulikuja kukagua. Nililiegesha gari kivulini nikawaomba wasiguse, rangi inapumzika. Fremu nyeusi tii. Marie-Rose alifunika mdomo kwa mkono. Alliance akasema, "Iko kama wakati wa papa," akalia, nami nikalia, hata Félicité akalia, ingawa nadhani yeye alikuwa akikumbuka ndagala.

Protais atabeba masufuria. Nilimwomba ayafunge vizuri asije akachafua viti vyake. Nilisema kwa upendo.

Jumamosi, tarehe 22 Julai

Naandika nikiwa bado na suruali ya harusi.

Tulitoka Nyamianda kwa vigelegele. Alliance nyuma na mama yake, dirisha wazi maana gari langu halina baridi ya mashine. Alitoa mkono akawapungia watu. Shela ilipepea. Nikajisemea: Gaspard, unaona?

Tulipoipita Kalundu jua lilikuwa utosini na njia imeanza kututikisa. Nikasikia mlio kama wa mtu anayechana karatasi. Kwenye kioo cha kutazama nyuma nikaona utepe mweusi umeinuka kutoka kwenye fremu, mrefu, unacheza na upepo kama ganda la ndizi. Ukaingia ndani. Ukatua mapajani pa Alliance. Akajaribu kuutoa kwa vidole. Chini yake rangi ilikuwa bado mbichi, ile dawa ya viatu haikuiacha ikauke. Ikapakaza. Ukaja mwingine. Marie-Rose akapiga kelele nisimamishe.

Protais alikuwa nyuma yetu na masufuria yake. Akashuka. Akatazama gauni, akanitazama mimi. Nikangoja acheke. Hakucheka. Heri angecheka! Alivua koti lake la harusi, akalitandika kwenye kiti chake, akasogeza masufuria, akamwambia Alliance, "Njoo, mama."

Alliance akatikisa kichwa. "Hapana, mujomba. Nitafika mu gari ya papa."

Akaja kuketi mbele, pembeni yangu. Tukapandisha vioo vyote. Joto kama la tanuri. Karibu na Makobola niliona anatazama dirisha langu, la dereva. Fremu yake haikuwa na hata ufa. Shati langu lilikuwa jeupe kama lilivyotoka kwenye pasi.

"Hii yako ulikwangua," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Iko nzuri."

Basi. Ningependa angenitukana.

Kanisani alishika maua chini, tumboni, juu ya doa, misa nzima. Mama wa bwana harusi aliona. Nilimwona anaona. Shangazi mmoja alileta ndimu, akasugua, doa likapanuka. Kwenye picha zote Alliance ameyakumbatia yale maua kama mtoto mgonjwa. Mimi nimesimama kando yake, nang'aa.

Jumatatu, tarehe 24 Julai

Nimekwenda kuomba msamaha. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, nikayasahau mlangoni. Alliance alinisamehe kabla sijaketi. Akasema papa yake angefurahi kwamba gari limefika, na kwamba yeye atakumbuka safari, si doa. Nikalia mbele ya mume wake mpya. Mwanzo mbaya.

Nikaomba jambo moja: nibebe gauni, mimi mwenyewe nishughulikie usafi wake. Lilishonwa na Marie-Rose kwa mkono wake, na Alliance anataka kulitunza. Alisita. Mume wake alisita zaidi. Mwishowe Alliance akanipa, na maelekezo: kitambaa laini, petroli kidogo kidogo, kisha sabuni, kisha maji, na subira. Josée ameniambia nisiliguse kabisa, nilipeleke kwa fundi anayejua vitambaa. Nimewaapia wote wawili. Njia za mkato, basi! Mtu akipatwa na aibu kama yangu, lazima abadilike. Mimi nimebadilika. Najisikia mwepesi.

Mchana

Nimelitundika gauni uani nikalitazama vizuri. Doa si kubwa hivyo. Petroli, sabuni, maji, subira, hiyo ni kazi ya siku nzima. Fundi naye atauliza maswali. Bahati njema, dukani kuna bombi nyeupe. Nimeshajaribu kwenye pindo. Safi kabisa! Huwezi kujua! Josée bado yuko sokoni na upepo umetulia.

Wala hakuna haja ya kulifua kwanza.