Kitambulisho Mkononi, Darajani Jinja

Leo nimejiaibisha mbele ya askari mwenye bunduki. Bunduki haina lawama. Nilijimaliza mwenyewe kwa mdomo wangu.

Wengi wenu kwenye kundi hili mnanijua: Mama Athieno wa Rubongi, yule wa dagaa, asiyeongea sana. Tangu tumzike Baba Athieno mwaka jana, hata hayo maneno machache yamepungua. Mnisamehe basi, leo nitaandika kirefu. Nikinyamaza, wifi yangu Adikini atawahadithia yeye, na ataongeza chumvi. (Haihitajiki. Mtaona.)

Marehemu alikuwa dereva wa lori. Kila wiki alilivuka lile daraja jipya la Jinja, la nyaya ndefu, na kila akirudi aliniambia, "Siku moja nitakupeleka ukapigwe picha pale." Siku hiyo haikufika. Sasa picha yake iko ukutani peke yake. Nilitaka yangu ikae pembeni yake, nimesimama kwa heshima, daraja lake nyuma yangu. Hilo tu. Adikini ndiye aliyeniambia juzi, "Wifi, kaka yangu hawezi kukupeleka tena. Nitakupeleka mimi."

Jana nikavuka Busia upande wa Kenya, nikanunua leso mpya kwa ajili ya picha. Leo asubuhi nikaivaa, nikachemsha viazi vya njiani, tukaondoka.

Saa tano tuko Jinja. Pikipiki ikatushusha karibu na daraja. Adikini akaona mama anachoma mahindi, akasema, "Tangulia, nakuja." Hapo ndipo alipokosea. Mimi si mtu wa kutangulizwa.

Nikatembea. Daraja hilo hapo! Nguzo ndefu, nyaya zimetandazwa kama mwavuli uliofunguliwa nusu. Na mwanzoni kabisa mwa njia ya waenda kwa miguu, askari. Amesimama tu.

Sasa nieleweni jamani. Mimi ni mtu wa mpakani. Busia navuka, Malaba navuka. Daraja nililozoea kulivuka kwa miguu ni lile la Malaba, na ukilimaliza uko nchi ya watu. Kwa hiyo mguu wangu ukiona mto, daraja na askari, hauniulizi. Mkono nao hauniulizi. Ulikuwa umeshaingia kwenye mfuko na kutoa kitambulisho.

Nikasimama mbele ya askari, miguu pamoja, nikakishika kitambulisho kwa mikono miwili.

"Habari ya kazi, afande."

"Mzuri, mama."

Akakipokea. (Na yeye kwa nini alikipokea? Nadhani ni adabu tu. Ukipewa kitu na mama wa umri wangu, unapokea.) Akakitazama. Akanitazama. Hapo nikakumbuka kitambulisho hicho muda wake umekwisha. Busia wananijua sura, wananipungia mkono. Huyu hanijui. Nikaona safari yote inakufa pale, na picha yangu imekufa nayo. Nikasema mwenyewe kabla hajaniuliza:

"Afande, najua kimekwisha muda. Nimeshaomba kipya. Naomba nivuke tu, nitarudi leo leo, sitalala huko."

"Huko wapi?"

"Ng'ambo."

Akautazama mfuko wangu. Mimi nikadhani anataka kukagua mzigo. Nikafungua mfuko, nikauweka wazi chini mbele yake, kama tunavyofanya kwetu ili usichelewe.

"Hivi ni viazi, vimechemshwa, vya kula. Hii sabuni imeshatumika, iguse, imelowa. Si ya kuuza. Hiyo ni kofia ya marehemu mume wangu, nimekuja nayo ili naye avuke."

"Pole sana, mama."

"Asante. Na leso hii niliyovaa." Hapo dhamiri ikanishika shingo. "Hii ni mpya, afande. Nimeinunua Kenya jana. Nilipita nayo, hakuna aliyeniuliza, na mimi sikusema."

Jamani, nani aliniuliza? Hakuna! Leso moja, kilomita zote hizo, naungama mbele ya mtu anayelinda daraja!

Askari akakuna shingo. "Mama, unatoka wapi?"

"Uganda."

"Unakwenda wapi?"

Nikainua mkono kuonyesha ng'ambo. Nikaona mabati. Nikaona migomba. Nikaona kibanda kimeandikwa kwa Kiganda kwamba kuna chapati.

"Uganda," nikasema. Sauti ilitoka ndogo kama ya kuku aliyelowa.

"Basi."

"Basi," nikaitikia.

Ningetamani kisa kiishie hapo. Aibu ya watu wawili inavumilika. Lakini askari alikuwa ameacha kunitazama mimi, anatazama nyuma yangu.

"Na nyinyi?"

Nikageuka. Nyuma yangu ulikuwepo mstari. Mstari ulionyooka! Kwaya nzima iliyokuja kutalii, sare za zambarau, kila mmoja kitambulisho mkononi. Walio mbele walikuwa wameshafungua mikoba. Mama mmoja ameishika chupa yake ya chai juu, tayari kukaguliwa.

"Mnapanga mstari wa nini?" askari akauliza.

Kiongozi wao, mzee mwenye tai, akajibu kwa unyenyekevu, "Afande, sisi tumemfuata huyu mama. Alionekana anajua utaratibu."

"Kuna watatu wameacha vitambulisho kwenye gari," akaongeza mwingine. "Tumewatuma wakavilete. Mtatusubiri?"

Wakati huo Adikini anafika, muhindi mdomoni. Aliangalia mfuko wangu uliofunguliwa, viazi vimepangwa kama maonyesho, kwaya, askari. Akautoa muhindi mdomoni.

"Wifi! Unafanya nini?"

"Navuka."

"Unavuka kwenda wapi na kitambulisho? Hatujatoka nchini! Hapa hata mbuzi anapita!"

Na kweli. Wallahi nasema kweli, mbuzi alikuwa anapita. Hakuna aliyemwuliza kitu.

Kwaya ikaangua kicheko. Kwaya haicheki kama watu wengine. Ilianza sauti ya kwanza, ikafuata ya pili, wale wa besi wakamalizia. Mzee wa tai alilazimika kushika ukingo. Mimi nimeinama narudisha viazi, natamani mto unichukue, lakini niliogopa hata mto ungeniomba karatasi.

Askari ndiye pekee aliyejikaza. Akanirudishia kitambulisho kwa mikono miwili, kama nilivyompa, akapiga saluti.

"Pita, mama. Umeruhusiwa kuingia Uganda. Lakini juu ya daraja hapana piga picha."

Nikapita. Nililitembea lote, mwanzo mpaka mwisho, kofia kifuani. Katikati nikasimama kidogo, nikatazama maji, nikamwambia mwenye kofia yale niliyotaka kumwambia. Hayo hayawahusu.

Tatizo la kuvuka ni kurudi. Askari yupo pale pale.

"Karibu tena Uganda, mama. Ulikaa vizuri huko?"

Hapo nikashindwa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu msiba, nikasahau namna ya kusimamisha.

Tukashuka kando ya barabara, pale mpiga picha anapokaa, daraja linaonekana lote. Ana mashine ndogo, anakupa picha papo hapo. Nikafunga leso upya, nikakunja uso, nikasimama kama mjane mwenye heshima zake. Akahesabu: moja, mbili. Kabla ya tatu, nyuma yake ikapita kwaya inarudi kwenye gari, na yule mama wa chupa ya chai akaniinulia kitambulisho chake.

Ndivyo picha ilivyotoka. Mdomo wazi, pengo langu liko hadharani, leso imeteleza, lebo ya dukani inaning'inia. Daraja limetoka zuri sana. Nikamwomba mpiga picha arudie. Adikini akainyakua, akaitia kwenye pochi yake. "Hairudiwi. Kaka yangu alikuoa ukiwa na sura hii."

Kesho inatundikwa ukutani, pembeni yake. Mkija kunitembelea, karibuni, chai ipo. Lakini msiitazame mkacheka kwa sauti mle ndani. Marehemu atataka kujua kilichotokea, na mimi mtu yule sijawahi kumdanganya.