Friji la Asiyevuta

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa zahanati, chini ya picha ya pafu jeusi, na Kinanda alilisoma mara tatu kwa heshima ambayo hakuwahi kuipa karatasi yoyote isiyo ya bahati nasibu. Watafiti walikuwa wakitafuta wavutaji sigara wanaotaka kuacha. Atakayekaa wiki kumi na mbili bila moshi atapewa friji.

Kinanda, aliyepewa jina hilo na mtaa kwa kuwa mdomo wake ulipiga wimbo wowote ulioombwa, hakuwahi kuvuta sigara hata moja maishani mwake.

"Kuacha kitu nisichokuwa nacho," aliuambia mlango, "hiyo si kazi. Hiyo ni pensheni."

Friji lenyewe alilihitaji kuliko hewa. Aliishi bure katika chumba cha uani kwa shangazi yake, muuza juisi, mwanamke ambaye sigara haikumtoka mdomoni ila wakati wa kula na kutukana. Shangazi alikwisha kutoa hukumu.

"Juisi zangu zinachacha na wewe unachacha. Mvua zikianza hujaleta kitu cha maana humu ndani, sanduku lako utalikuta nje."

Basi Kinanda akaingia zahanati. Muuguzi wa utafiti, mwenye miwani minene na subira ya mvuvi wa ndoano, akampa kidude cha ukubwa wa kiganja.

"Puliza."

Akapuliza. Ikatokea namba moja.

"Kaka, wewe huvuti."

"Navuta, dada yangu! Tangu darasa la tatu! Leo tu nimesahau."

"Mvutaji hasahau. Hiki kinapima moshi uliobaki mwilini. Rudi baada ya wiki mbili, uje na mtu wa nyumbani athibitishe."

Ndivyo Kinanda alivyoanza masomo, yeye aliyeikimbia shule kwa miguu yote miwili. Mwalimu alikuwa Shangazi, ada ilikuwa kumfulia mapazia. Siku ya kwanza alikohoa mpaka kuku wa jirani wakahama kibanda. Siku ya nne kizunguzungu kiligeuka kuwa falsafa. Siku ya kumi aligundua kwamba sigara baada ya chai ni jambo la kistaarabu sana. Ugunduzi huo ulipaswa kumtisha, lakini wajanja hawatishwi na vitu vidogo kama ukweli.

Wiki mbili zilipotimia, kidude kilisema ishirini na sita. Kinanda alirusha ngumi hewani kama aliyefaulu mtihani wa taifa.

"Anavuta kama bomba la kiwanda," Shangazi akathibitisha, kisha kikohozi kikamkunja hadi magotini.

Muuguzi akamtazama. "Na wewe mama, hutaki kuacha?"

Kinanda alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyu, dada? Huyu na sigara ni mapacha, walizaliwa siku moja! Mwandike tu, mjaze daftari."

Shangazi alimgeukia mtoto wa kaka yake, akamtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyo salama.

"Niandike," akasema.

Siku ya kuacha ilifika. Kinanda aliamka asubuhi, akanywa chai, akajikuta uani na sigara inayowaka. Hakukumbuka nani aliiwasha. Akaapa kuacha kesho. Kesho nayo ikaja na chai yake.

Kila wiki walipuliza. Kinanda alijaribu kusukutua kwa maziwa. Kidude kikasema kumi na tisa. Alijaribu kupuliza kwa pua. Alijaribu kumsifu muuguzi miwani yake, akamweleza msiba wa babu aliyefariki mara mbili. Hapo ndipo lilipomfika jambo zito: mdomo ule uliowahi kumuuzia fundi wa saa saa yake mwenyewe ulikuwa umekutana na kitu kisicho na masikio.

"Puliza tu, kaka," muuguzi alisema. "Hotuba hakiisikii."

Shangazi, kwa upande wake, alitafuna karafuu, akavunja sahani tatu, akagombana na mtaa mzima pamoja na mti mmoja. Lakini alipuliza mbili, akapuliza moja, akapuliza moja tena.

Wiki kumi na mbili zilipotimia, friji la Shangazi liliingia kwa mkokoteni, jeupe kama jino la kuazima, matone ya kwanza ya mvua yakilipiga mgongoni. Kinanda alilitangulia mlangoni, mikono kaitandaza.

"Shangazi, tumeshinda! Nani alikupeleka zahanati? Si mimi? Kitu cha maana si hiki kimeingia ndani?"

Shangazi alisogea, akanusa shati lake, akanusa kola.

"Pua yangu imerudi, mwanangu. Na muuguzi kaniambia nisikae nyumba moja na mvutaji. Nitairudia sigara."

"Lakini Shangazi, ni wewe uliyenifundisha!"

"Na ulifaulu. Hongera."

Sanduku lilikuwa limeshatoka. Kinanda alilikalia chini ya upenu, akasikiliza friji likinguruma ndani kama mpangaji mpya aliyeshiba. Akatoa sigara, akapapasa mifuko yote, kisha akabisha dirishani kwa unyenyekevu mkubwa.

"Shangazi, samahani. Kiberiti."

Dirisha likafunguka kidogo, mkono ukatoa glasi ya juisi baridi.

"Kiberiti nikitoe wapi, baba? Humu ndani hatuvuti."